Mbuzi na Mbegu za Masereka

Katika nyumba ya Kamate, pale Butembo, kila mtu alikuwa ameshakaripiwa isipokuwa Jessica. Wavulana watatu walikaripiwa asubuhi na jioni. Mama Léa, mkewe Kamate, alikaripiwa kwa sababu ya chumvi. Mbuzi naye alikaripiwa, kwa Kinande. Jessica peke yake hakupata zamu, maana kwa miaka minne hakukosea kitu.

Alikuwa binti wa Mukendi, agronome, bwana shamba wa serikali, aliyetumwa Beni kutoka Kasai. Mwaka 1999 Mukendi alikwenda Oicha kutazama mashamba, akakuta askari barabarani, hakurudi. Mkewe alikuwa amekufa zamani. Kamate, aliyezoea kumuuzia viazi, alimpandisha msichana kwenye lori akaja naye kwake, bila kuitisha kikao cha mtu yeyote.

Jessica, miaka kumi na mitano wakati ule, alijitungia sheria mle mle ndani ya lori. Aamke wa kwanza. Ale wa mwisho. Asikae kwenye kiti mtu wa nyumba akiwa amesimama. Asiseme amechoka. Asimwite mzee papa, yaani baba, amwite Papa Kamate, kama majirani. Sheria hizo alizishika kuliko padri anavyoshika zake, akiamini kwamba siku atakayovunja moja, lori litamrudisha Beni, ambako hakuna mtu.

Kamate aliona yote hayo. Alidhani ndivyo Wakasai wanavyolelewa.

Mwanzoni mwa mwaka 2003, watu wa Oicha walipokuwa wakikimbilia Butembo na magodoro kichwani, Kamate alipata magunia mawili ya viazi vya mbegu kule Masereka. Aliyashusha kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, akipita kwenye vizuizi ambako askari walichota sehemu yao. Mbegu zilizobaki alizitandaza kibandani zichipue. Shamba lilikuwa limeshalimwa, likingoja.

Jumatano asubuhi Jessica alikuwa ameshafagia uwanja na kuchota maji mara mbili. Aliingia kibandani kugeuza mbegu, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Akamwona Vagheni, dada mkubwa wa Kamate, anapanda mlima na bidoni ya maji. Akakimbia kumpokea. Mlango akauacha wazi.

Aliporudi, mbuzi alikuwa amelala juu ya mbegu, ameshiba. Machipukizi yote yalikuwa yameliwa, na viazi vilivyobaki vimekanyagwa.

Jessica alikunja vitenge vyake viwili, akavitia kwenye mfuko, akaenda kusimama mbele ya Kamate.

"Papa Kamate, mbuzi imekula mbegu. Ni miye njo niliacha mulango wazi. Ninaenda."

"Unaenda wapi?"

"Beni."

"Kwa nani?"

Vagheni akajibu kwa niaba yake: "Mwache aende! Si nilikuambia? Mutoto wa kuokota, siku moja atakuokotea hasara."

Kamate alikwenda kibandani. Alikaa humo kidogo. Alipotoka, alianza.

"Mupumbavu weye! Kichwa yako iko na nini ndani, maji? Mulango inatengenezwaka juu ya kufanya nini? Mbuzi haina akili, sawa, ni mbuzi! Lakini weye?" Akaendelea hivyo mpaka majirani wakachungulia. Yalikuwa maneno yale yale aliyomkaripia Kambale, mwanawe wa pili, mwaka uliopita. Jessica aliyasikiliza akingoja neno la mwisho, toka. Neno la mwisho likaja: "Na uende kula, chakula inapoa."

"Kula?"

"Sasa utakufa na njaa juu ya viazi?"

"Lakini sheria nimeshavunja."

"Sheria gani?"

Akamtajia zote, moja moja, huku ameshikilia mfuko wake.

"Mi nilizania ni desturi ya Kasai!" Kamate alisema. "Kumbe miaka ine ulikuwa unatumika hapa kama mutu ya kazi? Sikiliza. Kambale alipoteza chukudu muzima. Alifunga mufuko? Ni mufanyakazi njo anafukuzwaka. Mutoto anakaripiwa, halafu anakula. Kila juma ku maombi ya shirika tunasema Mungu alituokota sisi wote akatufanya batoto, hatuko tena chini ya sheria. Weye njo unaanzishaka wimbo. Unaimbaka nini?"

"Ukimuondolea sheria," Vagheni akasema, "kesho atalala mpaka saa ine."

"Alale. Batoto bangu batatu banalala kila siku. Nilifukuza nani?"

Kesho yake jogoo aliwika na Jessica akaamka kama kawaida. Ila hakuinuka. Alisikia Mama Léa anawasha moto, akamsikia Kambale akinung'unika kwamba bidoni ni nzito. Hakuna aliyekuja na lori.

Jua lilipotoka, Kamate alipiga kelele uwanjani: "Jessica! Tunapanda Masereka kuomba mbegu ingine. Chukudu inataka batu babili, mi peke yangu siwezi."

Jessica alitoka, akavuta kiti cha karibu na moto, akakaa. Kambale alikuwa amesimama hapo hapo, maji yanamchuruzika miguuni, anamkodolea macho.

"Nikunywe chai kwanza, Papa," akasema. "Nimechoka."

"Haraka basi, muvivu weye!" Kamate akamkaripia.

Jessica akaongeza sukari.