Kilichoandikwa Kichwani mwa Avelina

Mgeni alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya kina Avelina, mtaa wa Katandala, begi jeusi mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama Leonia hakumjua, lakini alianza kukunja magoti na kupiga makofi taratibu, kama Wafipa wanavyompokea mtu.

"Mama, simama," Avelina alisema kutoka jikoni. "Huyu hapigiwi makofi."

Avelina alimtambua. Miaka minne nyuma, huko Dar es Salaam, Daktari Flavian wa kampuni ya kigeni alimwekea kifaa kidogo ndani ya fuvu. Kifafa kikianza kujikusanya, kifaa kilikihisi, kikaugusa ubongo kwa umeme kidogo, kisha kikaandika kilichotokea. Tangu hapo Avelina hakuanguka tena. Akiwa na miaka kumi na tisa alishika mwiko kwa mara ya kwanza, maana mwenye kifafa haachiwi moto.

Kisha kampuni ikafunga ofisi. Flavian, aliyeahidi betri mpya, hakujibu hata barua.

"Betri umeleta?"

"Hapana. Nimekuja kusoma kumbukumbu zilizoandikwa na kifaa. Tukizipata, wapo wafadhili watakaolipia watoto wawekewe kifaa kama chako."

"Na kusoma kunakula betri?"

Flavian alitazama viatu vyake. "Yote iliyobaki."

"Basi simama hapo uani, Daktari. Mimi nimekungoja miaka miwili. Wewe jua la leo tu litakutosha."

Hakumpa kiti wala maji. Alisonga ugali wa ulezi polepole, harufu ikimfuata mgeni pale juani. Kila Flavian alipokohoa, Avelina alisikia raha. Arudi mikono mitupu, naye aonje kuachwa.

"Watoto gani hao, baba?" Mama Leonia aliuliza.

"Wako wengi. Kijijini Msanzi yuko Mboje, binti wa wafugaji. Ameangukia moto tena mwezi uliopita."

Mwiko ulisimama.

Miaka ile Mboje alikaa naye benchi moja kliniki, mkono wa mtoto umejikunja kwa makovu ya moto. Avelina alimwambia, "Kichwa changu kitaandika, watasoma, halafu zamu yako." Mtoto hakuamini mpaka Avelina alipolamba kidole na kuapa.

"Ugali unaungua," mama alisema.

Avelina alimgeukia Flavian. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Wala sifanyi kwa ajili yako."

Alimkabidhi mama mwiko, akasogeza kigoda chake mbali na moto, akafungua kilemba.

"Soma."