Kompyuta ya Donat Ilivyopata Mémoire

Jumanne saa nne asubuhi, Donat alifungua ubavu wa kompyuta yake kwa mara ya sita tangu Jumapili. Alikuwa ameiunda mwenyewe sebuleni kwake Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi: kasha lilitoka katika ofisi iliyofungwa, skrini aliipata kwa shemeji, na carte mère, ubao mkuu wa mashine, pamoja na feni alivitoa kwa Clovis, fundi wa mjini. Akibonyeza kitufe, feni zilizunguka, taa ya kijani ikawaka, kisha mashine ikalia mara tatu, milio mirefu, na skrini ikabaki nyeusi.

Alikuwa amejaribu yote anayoyajua. Alibadilisha kibetri cha duara cha carte mère. Aliazima kisanduku cha umeme cha jirani. Alichomoa vijiti viwili vya mémoire, yaani kumbukumbu ya mashine, akasugua meno yake kwa ufutio wa shule, akavibadilishana nafasi. Milio mitatu.

Donat alikuwa amefundisha historia miaka kumi na minane, mpaka shule yake ilipouzwa ikawa ghala la unga. Sasa alitaka kutengeneza vitabu vya misa za mazishi: picha ya marehemu, nyimbo, masomo, na ukurasa mmoja wa maisha yake. Lubumbashi haikosi mazishi.

Clovis alifika saa sita. Alisikiliza milio kabla hata ya kutua mfuko wake.

"Papa Donat, inalia juu haina mémoire. Barrettes zako zote mbili zilikufa. Na ya namna hii siku hizi hatuionaka tena."

Akavichomoa vile vijiti, akaviweka mezani. Wakati huo mama yake Donat, Adolphine, mjane wa mfanyakazi wa reli wa Kabalo, alikuwa akipita kuchukua bilauri. Magoti yake yalikuwa yamevimba, akaegemea kasha kwa kiganja. Mashine ikalia mara moja, mlio mfupi, na skrini ikawaka.

Clovis aliinama kusoma.

"Inahesabu giga nane," alisema. "Mu nafasi hamuna kitu. Iko inatumia ya mama."

"Itashika siku ngapi?" Donat aliuliza.

"Kama haizimike, itaendelea tu. Ni kuiwasha njo kunamukamata mama mémoire kidogo." Clovis akafikiri. "Ununue onduleur. Courant ikienda, betri yake inaishikilia, haizimike."

Donat alisema ataangalia.

Adolphine alipoegemea kasha alikuwa akiwaza samaki, na kuanzia siku hiyo hakujua tena samaki hutiwa chumvi vipi. Honorine, mke wa Donat, ndiye aliyegundua kwamba mashine huchukua kile ambacho mtu anakiwaza mkono wake unapogusa bati la kasha. Hakulifanya kuwa jambo kubwa. Asubuhi iliyofuata alimketisha mama mkwe wake kando ya mashine, akamtandikia mto.

"Mama, uwaze kwanza kitu kibaya," alimwambia.

Adolphine akatoa siku ambayo mumewe alibanwa kati ya mabehewa mawili. Mchana ule alilala usingizi mzito, akaamka na njaa. Kesho yake alitoa safari ya miguu ya mwaka wa vita, kisha shemeji aliyekuwa akimpiga, kisha njaa ya Kamina. Kwa wiki tatu nyumba ilikuwa na amani. Adolphine alinenepa. Padri alipoelezwa, aliuliza kama mashine inaweza pia kuchapa matangazo ya parokia, na ikaweza.

Lakini Bel-Air umeme hukatika mara nne, mara tano kwa siku, na mambo mabaya yaliisha kabla ya mvua za kwanza. Adolphine akaanza kutoa mengine. Alitoa nyimbo za usichana wake, moja moja. Alitoa ndoa yake. Siku moja Donat mwenyewe alimshika kifundo cha mkono, akamgusisha bati, kwa sababu wafiwa walikuwa wamesimama mlangoni, wala hakumuuliza anawaza nini. Skrini ilipowaka, Adolphine alimgeukia Honorine.

"Uyu papa ni nani?"

"Ni mutoto yako, mama."

"Ni mukubwa," alisema Adolphine, akamsalimia. Donat akamwitikia kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu kumwitikia mama yake, kisha akarudi kwenye ukurasa wa marehemu.

Wiki ile alinunua printa ya rangi. Clovis, aliyeileta, aliuliza habari ya onduleur.

"Kwanza rangi," alisema Donat. "Bafiwa banapenda rangi."

Ijumaa moja ya Novemba kulikuwa na mazishi ya mfanyabiashara mkubwa wa jumla. Vitabu mia tatu vilitakiwa saa nane. Saa sita umeme ulikatika. Uliporudi, Donat alimwita mama yake. Adolphine alikuja, akaketi, akaficha mikono chini ya kitenge.

"Nabakia na moja tu," alisema.

"Gani?"

"Delphine."

Delphine alikuwa dada yake Donat. Alikufa kwa surua huko Kabalo akiwa na miaka mitano, Donat akiwa bado ananyonya. Hakupigwa picha hata moja. Msalaba wake ulikuwa wa mti, mchwa waliumaliza.

"Akitaka kulala alikuwa anacheka," Adolphine alisema. "Ananiambia, mama, funga mulango, usingizi itatoka inje. Mimi nasimama nafunga. Ananiambia, na dirisha. Nafunga na dirisha. Baba yake anasema tutakufa na joto. Tunabakia mu giza, banacheka bote mbili."

Donat alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kumkata mama yake maneno.

"Mama, yeye alishakufa," alisema. "Bale beko inje banangojea."

Akaingiza mkono chini ya kitenge, akafungua ngumi ya mama yake kidole kwa kidole, akakilaza kiganja juu ya bati. Adolphine alitazama dirisha. Mashine ikalia mara moja. Vitabu mia tatu vilitoka saa nane kasoro robo, na mjane wa mfanyabiashara alisema hajawahi kuona rangi safi namna ile.

Jumamosi mashine ililia mara tatu, milio mirefu. Waliweka mkono wa Adolphine, wakaweka yote miwili, Honorine akajaribu na shavu la mama mkwe. Clovis alikuja, akaangalia ndani ya kasha, kisha akamwangalia mama.

"Iliisha," alisema, akafunga ubavu wa kasha kwa skrubu mbili.

Donat alipiga simu Naviundu kwa mama mdogo wake, Josée, mdogo wa Adolphine. Alimwambia yaya wake, yaani dada yake mkubwa, anasahau, aje akae naye kidogo. Josée alifika Jumatatu na mfuko wa nguo na kifurushi cha samaki wakavu. Walimkaribisha sebuleni, kando ya mashine, maana viti vingine vilikuwa vimejaa karatasi. Adolphine alimsalimia vizuri, akamuuliza kwao ni wapi. Josée alilia kidogo, akapangusa macho, akaamua kumweleza yote tangu mwanzo.

"Yaya, tuanze na Delphine. Tulikuwa tunamuoshaka ku Lualaba, mimi na weye. Alikuwa anaogopa sabuni."

Adolphine aliinama mbele.

"Mutoto ya nani?"

"Ya kwako. Ya kwanza. Ulikuwa unamubeba ku mugongo mpaka miaka mine, bantu banakucheka. Alikuwa na alama hapa, ku bega, sawa vile—"

"Mama mudogo," alisema Donat kwa adabu, "utusaidie kidogo. Shika hapa."

Josée, neno likiwa bado mdomoni, alinyoosha mkono akashika bati. Mashine ililia mara moja. Skrini ikawaka. Donat akamshukuru, akavuta kiti, akaanza kuandika jina la marehemu mpya.

"Uendelee," Adolphine alimwambia mgeni wake. "Ulisema alama ku bega."

Josée alitazama bega la mwenzake, kisha la kwake.

"Bega ya nani?" aliuliza.

"Sijui. Ni weye ulikuwa unasema."

Honorine akaleta chai na mkate. Wakanywa taratibu, kila mmoja akimsogezea mwenzake sukari, mpaka saa tisa na nusu umeme ulipokatika.