Samaki wa Abdinoor

Mbinya hakuwahi kumwogopa mnyama yeyote mpaka alipoachiwa samaki. Mbuzi aliwajua nje ndani, kuku ndio usiseme, na punda mkaidi alimnyoosha kwa neno moja tu. Lakini samaki huyu mmoja, wa rangi ya chungwa bivu, aliyeogelea ndani ya sanduku la kioo juu ya meza, alimfanya ainuke kitandani alfajiri kwenda kuangalia kama bado yu hai.

Hakuwa wake. Alikuwa wa marehemu Abdinoor, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyemleta Kyuso kutoka Mombasa ndani ya ndoo na kuwashangaza watu wa soko. Sasa Shamis, mjane wake, alikuwa ameitwa Garissa kumuuguza mama yake, na mtu aliyemwamini hapo sokoni ni jirani yake Mbinya, muuza ndengu.

"Mama Kiilu, mtu mwingine siwezi kumwachia huyu," Shamis alimwambia Mbinya. "Akikufa, itakuwa ni kama nimemzika yule mzee mara ya pili. Na umwekee maji tamu peke yake. Ile ya pampu, hapana."

Maneno hayo yalimkaa Mbinya kifuani kama ugali wa jana. Kuhusu maji hakuhitaji kuambiwa. Mtu mwenye adabu Kyuso hampi mgeni maji ya kisima cha pampu, ambayo yana chumvi na huachiwa punda. Mgeni hupewa maji matamu yaliyochotwa kwenye mchanga wa mto, yakapozwa mtungini. Basi Mbinya naye, kwa kumheshimu samaki, akawa anamtilia maji ya mtungini, baridi kabisa, katikati ya Julai yenye mawingu. Alijiona mkarimu sana.

Ndipo vikatokea vidoa vyeupe, vidogo vidogo, kana kwamba mtu amemnyunyizia samaki unga mgongoni. Samaki akawa anajisugua kwenye mawe ya chini. Mbinya aliingiwa na hofu, lakini hamu ya kujua ikaishinda hofu. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kioo, na wateja wa ndengu wakaambiwa wajipimie.

Muthama, daktari wa mifugo, alipopita kuchanja mbuzi, aliitwa ndani. Aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, mimi nimesomea ng'ombe na mbuzi," alisema. "Hii ya ndani ya maji hatukufundishwa. Labda tone moja ya dawa ya kupe?"

"Daktari, ile inachoma mbuzi mwenye manyoya. Huyu si atababuka?"

"Kweli," Muthama akakubali. "Hata mimi nilikuwa naogopa."

Siku chache baadaye vidoa vikatoweka. Mbinya alisimama kanisani Jumapili akatoa ushuhuda wa samaki, na waumini wengine wakacheka chini chini. Alikuwa hajamaliza hata kufurahi vizuri, vidoa vikarudi, mara hii mpaka kwenye mapezi na machoni. Alikasirika kama mtu aliyeibiwa mchana. Lakini swali lilimganda kichwani: vilikuwa vimeenda wapi?

Akarudi kwenye kigoda. Alimtazama samaki akijikuna kwenye jiwe, sawasawa na mbuzi anavyojikuna kwenye nguzo ya boma, na hapo akakumbuka kupe. Kupe hakai juu ya mbuzi milele. Akishiba huanguka, huzaa chini, kisha watoto wake humpanda mbuzi tena. Vidoa havikuwa vimepona, vilikuwa vimeanguka kwenda kuzaana. Na mfugaji anayeshughulika na mbuzi huku boma likibaki chafu anajisumbua bure.

Mbinya akaanza kufagia boma la samaki. Kila siku alivuta maji ya chini kwa mpira mwembamba, akanyonya kwa mdomo mpaka yakashuka ndooni, mengine akayameza na kutema kwa hasira. Mawe aliyachemsha. Lakini samaki alizidi kudhoofika, akakaa juu juu akihema, mapezi ameyakunja.

Lilibaki jambo moja, nalo lilimtisha. Mbuzi wake wakipata upele alizoea kuwapeleka kwenye dimbwi la pampu, na ngozi zao hukauka. Chumvi ilikuwa hapo tu, karibu. Ila Shamis alikuwa amekataza, na kama samaki angefia ndani ya maji aliyokatazwa, Mbinya angepoteza rafiki, na angestahili.

Alimtazama tena yule samaki anayehema. Kisha akachukua jerikani akaenda pampuni.

Aliyapasha maji juani kila mawingu yalipoachana, akaonja, akakunja uso, akamimina kikombe kimoja kimoja ili samaki azoee. Kioo alikisogeza karibu na dirisha, mahali penye joto kama la Mombasa alikotoka samaki, na usiku akakifunika blanketi. Vidoa vikaanguka. Safari hii hakwenda kushuhudia popote. Aliendelea kufagia na kubadilisha maji mpaka hata kidoa kikaidi cha mwisho kikapotea, na samaki akaanza kukifuata kidole chake kando ya kioo.

Shamis aliporudi alimkuta samaki akizunguka kwa nguvu. Alitabasamu, akachovya kidole majini, akakilamba. Tabasamu likakatika.

"Hii ni ya punda."

"Ni ya punda," Mbinya akasema, akamweleza yote, tangu mtungi mpaka pampu. "Nimevunja neno lako, Mama Arbaco. Hata angekufa ningekuambia."

Shamis aliketi kwenye kigoda.

"Abdinoor alikuwa anamwekea hii," alisema. "Mimi nikamwambia ni uchoyo, ati ananyima samaki maji tamu. Tukagombana hiyo maneno mpaka siku alienda mnadani na hakurudi. Hakunieleza. Labda hata yeye hakujua kueleza. Tulipomzika nikasema, sasa huyu samaki atakunywa vizuri."

Mbinya akachukua jerikani mbili, akampa Shamis moja. Wakaenda pamoja mpaka pampuni, na Shamis akapanga foleni nyuma ya punda, akilia bila kuficha uso.