Kimo cha Mwaka wa Tano

Jumatatu asubuhi, katika wodi ya wanawake, mwanafunzi wa udaktari ambaye wenzake walimwita Twiga aliinua mkono kutundika chupa ya dripu, akakuta hafikii kichuma cha kuitundikia. Ijumaa alikuwa amekifikia. Nesi mkuu, aliyekuwa akihesabu mashuka, akayaacha, akamsimamisha kwenye kipimo cha urefu kilicho kando ya mizani.

"Uliingia chuoni na ngapi?"

"Mita moja na themanini."

"Sasa una moja na sitini na mbili." Nesi akaandika daftarini. "Zamu yako iliyopita ilidumu saa ngapi?"

"Thelathini na mbili, sista."

"Ndiyo hiyo. Mwaka wa nne huwa mnakatika sana." Akarudi kwenye mashuka yake.

Halikuwa jambo la siri. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na jedwali lenye mhuri: mwaka wa kwanza, kimo chochote, mwaka wa tatu, kisizidi mita moja na sabini, mwaka wa tano, kisizidi moja na thelathini. Waliofuzu na kuwa mabingwa walikuwa wadogo zaidi, na heshima yao ilikua kadiri wao walivyopungua. Profesa, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo, alikuwa na kimo cha chupa ya chai. Alizungukia wagonjwa akiwa amesimama kwenye rafu ya chini ya kigari cha dawa, nesi mkuu akisukuma, na akisafisha koo tu wodi nzima inanyamaza.

Mama yake Twiga alikuwa fundi cherehani. Mwezi uliofuata alilipokea koti jeupe la binti yake, akaligeuza, akaona kwamba pindo yeye mwenyewe alishalikunja mara tatu.

"Kitambaa hurudi kikifuliwa, hilo nalijua," alisema. "Wewe nani kakufua?"

"Ni masomo, mama."

"Masomo gani yanayolipwa kwa sentimita?"

Alijifunga mtandio wake mzuri, akaenda kuonana na Profesa. Profesa alimpokea vizuri, akiwa ameketi mezani juu ya mashine ya kubana karatasi.

"Namwelewa sana binti yako," alisema. "Mimi mwenyewe nilipokuja hapa nilikuwa golikipa. Nilikuwa nagusa mwamba wa goli bila kuruka."

"Na sasa?"

"Sasa ni profesa."

Akamhakikishia kwamba chuo kinawajali vijana wake, na kwamba Wiki ya Kupunguza Msongo ilikuwa tayari kwenye kalenda. Wiki hiyo ilifanyika kweli. Ili isivuruge kazi, ilipangwa saa kumi na moja alfajiri, na kila asiyehudhuria alikatwa alama. Waliotoka zamu walikuja moja kwa moja, wengine bado wana glavu mkononi. Mtaalamu mmoja aliwafundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, kazi ambayo wengi wao walikuwa wakiifanya tangu kuzaliwa. Kila mmoja akapewa kimpira cha sponji cha kuminya. Wiki ilipokwisha, darasa lilikuwa limepungua sentimita tatu kwa wastani, na ripoti iliyopelekwa kwenye bodi ilisema kwamba upungufu ulikuwa wa kutia moyo.

Twiga alipofika mita moja na arobaini na moja, mama yake hakumwendea Profesa tena. Alikwenda getini siku ya Jumamosi, akamwambia mlinzi amekuja kumchukua binti yake kwa sababu wana msiba.

"Poleni. Amefariki nani?"

"Bado hajafa. Ndiyo maana nina haraka."

Mlinzi akafungua geti.

Twiga alilala kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumanne. Aliamka kula na kunywa tu, akalala tena. Mama alishona kando yake, na kila aliposikia kitanda kinalia alijua miguu imesogea. Jumapili jioni aliweka kigoda mwishoni mwa kitanda. Jumatatu akaongeza kiti. Jumanne alimpima kwa utepe wake wa kazi: mita moja na themanini kamili. Akachukua wembe, akafumua mapindo yote ya koti.

Jumatano Twiga alisimama tena wodini. Wenzake kumi na mmoja walizunguka kitanda cha saba, kilichoinuliwa juu sana kama vitanda vyote vya wodi ile, na kutoka pale walipo waliona magurudumu ya kitanda, faili lililoning'inia miguuni, na kidole gumba cha mguu wa mgonjwa. Faili lilisema hali ni shwari. Lilikuwa limesema hivyo kwa siku tisa. Kati ya wanafunzi, Twiga peke yake ndiye aliyeuona uso. Ulikuwa wa bibi mmoja mwembamba, na macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

"Shikamoo, bibi. Macho yamekuwa hivi tangu lini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tangu wiki iliyopita. Nawaambia kila siku, lakini nasikia sauti tu huko chini, mtu simwoni."

"Kuna nini huko?" Profesa aliuliza kutoka rafuni.

"Mgonjwa ana manjano, Profesa."

"Faili linasemaje?"

"Linasema shwari. Lakini ukipanda rafu ya juu utaona mwenyewe."

Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Nesi mkuu aliegesha kigari. Alimshika Profesa kiunoni, akampandisha rafu ya juu, akamgeuza kidogo ili apate mwanga. Profesa alikuwa hajaona uso wa mgonjwa kwa miaka kumi na moja. Alimwamkia bibi kwa adabu, kama mtu anayekutana na yule aliyekuwa akimsoma tu gazetini.

Mchana ule bibi alipelekwa chumba cha upasuaji, akatolewa jiwe lililoziba mrija wa nyongo, akapona. Profesa aliandika makala juu ya ugonjwa huo, na ikasifiwa. Twiga aliandikiwa barua: kimo chake hakilingani na mwaka wake, jambo linaloonyesha kwamba amekuwa akilala. Arekebishe kabla ya mtihani wa kuingia mwaka wa tano, la sivyo arudie mwaka. Nesi mkuu alipeleka pendekezo kwamba wanafunzi wote waachwe walale. Kamati ya watu saba, iliyokaa kwenye kiti kimoja, ilimshukuru kwa mchango wake, ikaagiza vimpira vingine vya sponji.

"Mimi silikunji tena hili koti," mama alisema barua iliposomwa.

"Basi nitafeli, mama."

Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akatandika kitambaa cheupe mezani, akakata koti jipya, pana, refu hadi sakafuni. Akashona na pedi mbili za sufi za kufunga magotini. Twiga akavaa, akapiga magoti kando ya cherehani, na utepe ukasoma mita moja na thelathini.

"Afadhali upige magoti kuliko uishe," mama alisema, akageuka kutafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

Siku ya mtihani Twiga aliingia wodini kwa magoti. Soli za viatu vyake zilichomoza nyuma ya koti, na wasimamizi wote walizitazama, kisha wakatazama karatasi zao. Profesa alikuwa amerudi rafu ya chini.

"Mgonjwa huyu unamwonaje?"

Twiga aliinua macho. Aliona magurudumu, faili, na kidole gumba. Juu huko mtu alikuwa akihema, pumzi fupi fupi, za haraka. Mapaja yalimwasha Twiga. Kusimama kungemchukua nukta moja. Nesi mkuu alikuwa akimtazama.

"Naona faili, Profesa," alisema. "Linasema hali ni shwari."

"Vizuri sana," Profesa akasema, akampa alama za juu kuliko wote. Kitandani mgonjwa akakohoa, na kigari kikasukumwa hadi kitanda kinachofuata.