Majani ya Bustani ya Mtemi

Mkasi niliuona alfajiri ya Idi ya Mfunguo Tatu, mwaka 1965, ndani ya kanzu yangu mwenyewe. Mganga hajigangi, na mimi Abbasi, fundi cherehani wa Karatu, sijishonei. Kanzu ile niliikata tangu Januari, nikaiviringisha na mkasi ndani yake, kisha nikaitupa sandukuni kwa kuwa nguo za wateja zilitangulia. Sasa nimeikunjua nimalizie pindo kabla ya sala, na mkasi ukaniangukia gotini.

Nilikaa nao mapajani. Kwa ajili ya mkasi ule nilikuwa nimemwita Senteu mwizi. Tena si faraghani: barazani kwangu, siku ya mnada, watu wamejaa kama siafu. Senteu ni yule Mmasai aliyetuletea kibuyu cha maziwa kila asubuhi kwa mwaka mzima, wanangu pacha, Kurwa na Doto, walipozaliwa na maziwa ya mama yao yasiwatoshe. Nilipomtukana alichukua fimbo yake akaondoka, na tangu siku ile hata chumvi ya mjini alikuwa anawatuma watu wengine wamnunulie.

Na nilikuwa nimesikia kwamba anaondoka. Siku ya pili ya Idi, kabla jua halijatoka, angewafuata ng'ombe wa nduguze huko Engaresero. Mtu aliyekwenda Engaresero na donge moyoni harudi Karatu kukuuliza hali. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja tu, na siku yenyewe ni hiyo.

Senteu alikuwa mlinzi kwenye jumba la Mtemi. Tangu serikali ifute utemi, nyumba ile ya kilimani, upande wa Buger, ilikuwa ya kutazamwa tu; siku za sikukuu geti lilifunguliwa, raia wakaingia kuona jinsi mkubwa alivyoishi.

"Mama Kurwa," nilimwambia mke wangu baada ya sala, "leo nakupeleka kutembea jumba la Mtemi."

Sikuzani alinitazama kama mtu aliyepandwa na shetani. Miaka sita ya ndoa, sijampeleka hata Mto wa Mbu! Alivaa khanga mpya, akawaacha watoto kwa bibi yao, akaimba njia nzima ndani ya lori. Sikumwambia kweli. Niliona aibu, ndiyo; nilitaka nimalize mambo kimyakimya, kisha nirudi nyumbani na heshima yangu. Mkasi niliutia mfukoni.

Senteu alisimama getini, koti la kaki juu ya shuka lake jekundu, filimbi shingoni.

"Supai, Senteu," nilisema kwa sauti ya chini.

Mmasai akisalimiwa hivyo hujibu "Ipa." Hata adui hujibu. Senteu alitazama juu ya kofia yangu.

"Pita. Geti inafungwa saa kumi na moja."

Watu wa nyuma wakatusukuma ndani. Ilikuwa saa nane.

Aliyetutembeza ni mzee Clemensi, aliyekuwa mpishi wa Mtemi, na mdomo wake haukuwa na breki. Alituonyesha kiti cha ngozi ya chui, akatueleza chui huyo aliuawa wapi na alikuwa amekula mbuzi wa nani. Akatuonyesha bafu jeupe lililokuja kwa meli, ambalo Mtemi hakuoga humo hata siku moja; alihifadhia mbegu za mahindi. Kila aliponyamaza nikashukuru, na kila nilipotaka kuchomoka Sikuzani akamuuliza swali jingine. Mapazia haya yalifuliwa na nani? Wake wa Mtemi walilala wapi?

"Tutoke basi," nilimnong'oneza. "Nyumba ni nyumba."

"Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga? Umenileta mwenyewe."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Niliichukia saa ile, nikamchukia Clemensi, nikamchukia na yule chui.

Tulipofika bustanini ilikuwa imeshatimia saa kumi. Mawaridi yalikuwa yamechanua mistari mizima, mfereji wa maji unapita katikati, na pande zote mbili majani mafupi laini kama zulia la msikitini. Clemensi akaanza tena. Mbegu ya majani ilitoka Ulaya. Wanaume sita walipiga magoti kila Jumamosi kuyakata kwa mikasi, na hadi leo hukatwa vivyo hivyo. Ubao ulisema kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUKANYAGA AU KUNG'OA MAJANI.

Senteu alikuwa amehamia huko, kuwazuia wanawake wasichume maua. Nilimwacha Sikuzani kwenye mawaridi nikamsogelea. Maneno niliyoyapanga tangu alfajiri yakanikimbia. Hapo nikakumbuka jambo. Mnadani niliwahi kuona wachungaji wawili wakipigana. Senteu akang'oa majani, akawashikia mbele ya uso, na fimbo zikashuka. Kwa Wamasai majani ni uhai wa ng'ombe. Mwenye kuomba amani huyashika mkononi, na si rahisi mtu kumkatalia.

Basi nikainama, nikang'oa konzi nzima.

Mkasi ukachomoka mfukoni ukaanguka juu ya jiwe la mfereji, kling! Filimbi ikalia. Bustani nzima ikageuka.

"Wewe wa kanzu!" Clemensi alipiga kelele. "Hujui kusoma?"

Sikuzani alikuja mbio, akauona mkasi chini. "Baba Kurwa. Huu si ndio ulioibwa?"

Nilimnyooshea Senteu yale majani. Aliyatazama.

"Hii majani," alisema, "ng'ombe gani imekula?"

Nikayageuza mkononi; ncha zote zilikuwa sawasawa.

"Hii inakatwa na mkasi. Mimi unaniita mwizi ya mkasi, halafu unaniletea majani ya mkasi?"

Watu wakacheka. Hasira zangu ziko karibu sana, kila mtu Karatu anajua. Zilipanda hadi kooni, nikataka kuyatupa majani nimwambie potelea mbali, nenda Engaresero na kiburi chako. Neno la kwanza lilikuwa tayari ulimini.

Sikuzani aliokota mkasi. Hakupaza sauti. "Huyu ndiye aliyewalisha wanao mimi niliposhindwa," alisema. "Na bado umesimama?"

Nikakimbia. Mtu mzima, kanzu mpya, nilikimbia katikati ya mawaridi hadi nje ya geti na kushuka kwenye malisho ya watu chini ya barabara. Mvua za Aprili zilikuwa zimelifanya bonde lote tope. Nilizama hadi magotini. Sikung'oa ya kwanza niliyoyaona. Nilitafuta yenye ncha zilizong'atwa, mahali ambapo kwato zilikuwa zimepita asubuhi ile. Juu kilimani kengele ya kufunga ikalia. Nilichuma yale niliyoweza nikapanda mbio, nateleza, nainuka.

Wageni walikuwa wanamiminika nje. Senteu ameshika mnyororo wa geti kwa mkono mmoja na kufuli kwa mwingine. Nilisimama mbele yake huku natweta, watu wote wakisikia.

"Nilikuita mwizi mbele za watu," nilisema kwa sauti ya mnada. "Mkasi ulikuwa ndani ya kanzu yangu, sandukuni mwangu. Mwizi hakuwapo. Nimekukosea, Senteu. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Senteu alichukua majani, akayatazama moja moja, akapapasa kwa kucha ncha iliyong'atwa. Kisha akayatemea mate kidogo, kama wazee wao wanavyobariki, akayatia kifuani ndani ya koti.

"Ipa," alisema.

Nilidhani yamekwisha. Alifunga mnyororo, akabana kufuli, ndipo akauliza bila kunitazama, "Doto bado inakataa maziwa ya kuchemsha?"

Nilijipangusa tope usoni.

"Bado, shemeji," Sikuzani alijibu. "Anataka yale ya kwako tu."

Senteu aliitikia kwa kichwa, akashika njia yake. Sisi tukarudi mjini. Ndani ya lori Sikuzani alinifuta tope shingoni kwa ncha ya khanga yake mpya.

Usiku sikulala vizuri. Kabla ya adhana niliamka nikafungua mlango wa duka, nikidhani labda nitamwahi Senteu njiani. Barabara ilikuwa tupu. Barazani, pale alipokuwa anaketi zamani, palikuwa na kibuyu kimejaa, na nilipokishika maziwa yalikuwa bado na joto la ng'ombe.