Kola ya Bi Time

Likizo ya mwaka 1967 Muhiddin alirudi kutoka skuli ya dakhalia na azma nzito kuliko sanduku lake: kuzikusanya tena namba zote kumi na mbili za jarida la Mbalamwezi za mwaka 1962. Baba yake alizinunua moja moja, na kila Ijumaa baada ya sala akimkalisha ubavuni wakizisoma pamoja. Baba akafariki mwaka uliofuata. Mama yake, Bi Mashavu, walipohamia Kiponda akaziuza kwa ratili kwa mwenye duka la vitu vikuukuu Darajani, na halafu jarida lenyewe likaacha kuletwa.

Muhiddin akaunda tume ya uchunguzi. Mwenyekiti yeye, katibu yeye, na mjumbe aliyechelewa vikao pia yeye. Moja ilikutwa imetandikwa kabatini chini ya sahani za jirani, nyingine imefunika daftari la chuoni. Zikatimia kumi na moja. Ya kumi na mbili, ya Oktoba, ilipatikana haina jalada, na jalada ndilo alilolitaka hasa: mwanamke wa kuchorwa, anachungulia dirishani, ambaye baba alishikilia kuwa ni Bi Mashavu mwenyewe.

Mwenye duka alikumbuka. Jalada alimpa Fundi Matar, mshoni wa Mkunazini, aliyependa karatasi ngumu za kukatia vigezo vya nguo.

Kweli lilikuwako, limetundikwa msumarini. Lakini lilikwishakatwa umbo la kola. Yamebaki macho mawili na kipande cha dirisha, na nyuma yake pameandikwa kwa penseli: Bi Time.

Fundi alikataa kulitoa. Bi Time, mteja wake, aliondoka mwaka sitini na nne, akasema, na akirudi atataka gauni.

"Na akirudi kanenepa, Fundi?"

"Shingo hainenepi, mwanangu. Kinachonenepa ni ulimi wako."

Wakaafikiana: Muhiddin alete karatasi ngumu kama ile, kigezo kinakiliwe, naye achukue ile kola. Gazeti lilikataliwa kwa ulaini, jalada la daftari kwa udogo. Nyumba nzima ilikuwa na karatasi moja tu yenye sifa zote, nene, pana, na mama hajaiona: ripoti yake ya skuli. Aliitoa kwa moyo mkunjufu, kama mtoa sadaka.

Alasiri alizipanga mkekani, Januari hadi Disemba, kola juu ya Oktoba. Mama akaja kumtuma dukani, akasita, akaketi. Akaiokota ile kola, akaitazama kitambo.

"Baba yako alikuwa mwongo," akasema. "Mimi sikupata kuwa na macho haya."

Lakini hakuirudisha mkekani. Akauliza imetoka wapi, na Muhiddin, ambaye uongo haukuwahi kumkimbia, siku ile ulimkimbia. Akaeleza yote.

Asubuhi Bi Mashavu alikwenda kwa Fundi, akasimama mbele ya msumari iliponing'inia ripoti, sasa nayo kola, akasoma: Hisabati ishirini na tisa, kwenye bega la kulia. Akamwambia Fundi aiache papo hapo, Bi Time asije akakosa gauni. Kisha akarudi nyumbani na kumkabidhi mwanawe vyombo vyote vya kuosha mpaka mwisho wa likizo.

Muhiddin aliviosha. Ile kola hakuiona tena mkekani. Alijua ilipo, chini ya mto wa mama, na hakuiulizia.