Hata Mimi Usinipe

Watoto wawili wa kwanza wa Fundi walizaliwa yeye akiwa amechuchumaa chini ya meza ya mtu, waya mkononi. Wa tatu aliapa hatamkosa. Mkewe alikwenda kujifungulia kwao, safari ya nusu siku, na kilichomzuia Fundi kumfuata ni ukuta wa mtandao wa hospitali, ile mashine inayochuja nani aingie na nani abaki nje. Daktari bingwa wa mbali akitaka kusoma picha za eksirei, lazima afunguliwe, na mfunguaji ni Fundi peke yake, kwenye kompyuta yake ya kazini. Mganga Mkuu akasema ruhusa ipo, ila apatikane mwingine.

Akapatikana Matroni, mama asiyetishwa na damu ila kompyuta humtoa jasho. Fundi akamtengenezea ukurasa wenye kitufe kimoja tu: bingwa aingie kwa saa moja, kisha mlango ujifunge wenyewe. Mengine yote ya ukuta akamficha. Matroni angeweza kuuingia hata akiwa nyumbani, mradi aandike neno lake la siri na namba sita zinazotokea kwenye simu yake na kubadilika kila nusu dakika.

"Namba hizi usimpe mtu," akamsisitiza. "Hata mimi usinipe."

Siku ilipowadia, Fundi alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha uzazi, roho juu juu. Simu ikaita. Matroni yuko nyumbani, zamu imekwisha, na kazini kuna mzee kavunjika nyonga anamsubiri bingwa. Namba zimemkatalia mara tatu. Fundi akamwuliza anafanyaje, naye akaeleza bila wasiwasi: kwanza anaziandika daftarini, na tarehe, na saa, na sahihi, ndipo anabonyeza. Miaka thelathini hajafanya jambo la mgonjwa bila kuliandika. Na mwandiko wake, jamani, ulikuwa wa kujivunia. Hadi amalize kuupamba, namba zimeshapitwa na wakati.

Mkunga akachungulia mlangoni, akamwambia baba mtu kama anaingia aingie sasa. Fundi akachanganyikiwa.

"Nisomee neno lako la siri na hizo namba, Matroni. Nifungue mwenyewe, mara moja tu."

"Ulisema hata wewe."

"Nakuomba, mama."

"Sikupi. Kazi hii umenikabidhi, niachie. Leo nitabonyeza kwanza, niandike baadaye, Mungu anisamehe. Wewe nenda kwa mkeo."

Akakata simu. Fundi alikasirika kweli, akataka kumpigia tena, kidole kikabaki hewani. Halafu akaingia.

Mtoto alikuwa wa kike, mwekundu, ana hasira za kwao. Fundi alikuwa bado anamtazama, hajui kama anacheka au analia, simu ilipoita tena. Mganga Mkuu: bingwa amezisoma picha, mzee anaandaliwa kwa upasuaji, ila bingwa anaomba aongezewe saa nyingine. Fundi afungue upesi.

"Mpigie Matroni," akasema Fundi. "Mimi nimeshika mtoto."